Wasomaji Wanauliza: Ugomvi Upo, Mgogoro Uko Wapi?

Ndugu Mhariri, salamu. Nimeandika hadithi ya ndugu wawili. Wanatukanana, wanapigana, mwishoni mmoja anaichoma nyumba ya mwenzake. Rafiki zangu wameisoma wakasema haina mgogoro. Inawezekanaje?
*Msomaji wa Majengo, Goma*

Inawezekana kabisa, ndugu yetu, kwa sababu ugomvi ni kelele tu. Mgogoro huzaliwa pale matakwa mawili yanapokutana juu ya kitu kimoja kisichogawanyika. Chukulia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoachwa na baba. Mkubwa anataka kuiuza kabla ya Ijumaa ili dada yao alipiwe ada ya mtihani wa Serikali. Mdogo huishusha kila alfajiri kutoka Kibumba ikiwa imejaa kabichi na viazi, na jioni nyumba nzima inakula kwa chukudu hiyo. Hakuna aliyetukana bado, lakini msomaji ameshaanza kuumia, maana nusu ya chukudu haitembei na nusu ya ada haimwingizi mtoto kwenye mtihani. Tena kila mmoja ana haki.

Pima hadithi yako kwa sentensi hii: "Huyu anataka … kwa sababu …, yule anataka … kwa sababu …, na hawawezi kupata wote wawili kwa sababu …" Pengo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Ukijikuta umeandika "kwa sababu wanachukiana", bado hujafika, maana chuki nayo ina chanzo, na chanzo hicho ndicho tunachokitafuta. Katika hadithi fupi ya maneno kama 2,500, mapengo yote yawe yamejazwa kabla ya neno la 400. Ukichelewa zaidi ya hapo, msomaji anaangalia watu wakirushiana ngumi bila kujua wanagombea nini.

Kuchagua ndugu umefanya vizuri. Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alishaona kwamba adui akimuua adui hatupati uchungu sana, bali uchungu uko pale jambo linapotendeka kati ya watu wa damu moja. Ila moto wa nyumba usije mapema. Ukianza na kitendo kikubwa kuliko vyote, hutakuwa na pa kupandia tena. Anza na kitu kidogo: mkubwa ameficha gurudumu la mbele.

Mwaka 2021 Nyiragongo ilipolipuka tulipokea jamaa zetu wa Goma hapa nyumbani. Nataka kuandika kisa chao, lakini naona mpinzani wao ni mlima. Mlima unaweza kuwa adui katika hadithi?
*Mama msomaji wa Kadutu, Bukavu*

Mama, mlima hautaki kitu, kwa hiyo usiupe roho mbaya. Kazi yake katika hadithi ni kuwabana watu: kuwapunguzia muda, njia na nafasi, mpaka yale waliyokuwa wakiyaficha yatoke. Wanaogongana ni watu.

Tazama mwendo wa mambo yenyewe. Lava ilianza kushuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, ikasimama pembezoni mwa mji. Siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka mara kwa mara na kuta zikapasuka. Tarehe 27 Mei ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Wengi wanaoandika kisa hiki hukimbilia usiku wa kwanza kwa sababu mbingu ni nyekundu na inapendeza kuieleza. Sisi tungeuandika usiku huo kwa aya mbili tu, kwa kuwa mtu anayekimbia lava hana la kuchagua. Utajiri uko kwenye siku ya amri. Nyumba bado imesimama, lava haionekani, na mnaambiwa muondoke. Weka hapo bibi aliyehama Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Aliporudi akakuta nyumba yake nzima ila imeporwa. Safari hii hatoki. Weka na mkwe wake mwenye mtoto wa wiki tatu, ambaye hataki kulala usiku mwingine chini ya ukuta wenye ufa, lakini hawezi kumwacha mama wa mume wake peke yake. Boti ya Bukavu haitawangoja. Kila mmoja anasema kweli, na kweli hizo mbili haziwezi kupanda boti moja.

Jihadhari na mwisho. Usilete lava imuue bibi ili mkwe aonekane alikuwa na akili. Katika tamthilia za Wagiriki wa kale, mungu aliweza kushushwa jukwaani kwa mashine ya kunyanyulia akamaliza shauri lote, na tangu zama zao wapo waliolilalamikia jambo hilo. Ajali inakubalika ikianzisha hadithi. Ikiimaliza, inawanyang'anya wahusika uamuzi ambao msomaji alikuwa akiungoja.

Mwalimu ametuambia tutaje aina za mgogoro. Ni ngapi?
*Mwanafunzi wa Bagira, Bukavu*

Mwanetu, taja nne zilizozoeleka: mtu na mtu, mtu na nafsi yake, mtu na jamii, mtu na maumbile. Hadithi moja huweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja. Ili kujua upi ni mkuu, uondoe mmoja kichwani. Hadithi ikiendelea kusimama bila huo, siyo wenyewe.

Kijana katika hadithi yangu anapima magunia ya madini kwenye depo ya mjomba wake, na anajua mizani imechezewa. Nimeandika kurasa tatu za mawazo yake. Zinachosha, hata mimi naona.
*Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Zinachosha kwa sababu ndani ya kichwa anaweza kuwaza mia bila kulipa chochote. Upe kila upande wa moyo wake mtu mwenye mwili. Upande mmoja ni mjomba aliyemlea na kumsomesha, naye ana deni ambalo kijana analijua. Mjomba ukimfanya kama fisi wa ngano, mlafi tu kwa kuumbwa, kazi ya kijana inakuwa nyepesi, kwani nani atapata shida kumwacha fisi? Upande wa pili ni mchimbaji mmoja anayekuja kila jioni na kuuliza, "Kilo ngapi, mdogo wangu?"

Kisha andika mapimo matatu, kila moja ghali kuliko lililotangulia. La kwanza, gunia la kilo 50 linasoma 45. Kijana anatamka 45 na macho yake yako kwenye daftari. La pili, mchimbaji amekuja na mtoto wake. Kijana anatamka 48, na mjomba ananyanyua uso. La tatu, mjomba amesimama nyuma yake.

Kati ya tukio na tukio jaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Kama linaloingia ni "halafu" tu, matukio yako yamepanga foleni, hayasukumani. Futa kila "alihangaika moyoni" na uweke badala yake kile mkono unachofanya juu ya mizani.

Namba atakayoitamka mara ya tatu, mbele ya wote wawili, ndiyo mwisho. Usiongeze aya ya kueleza alivyojisikia.