Maswali ya Wasomaji: Kupima Mavazi ya Kiume ya Majira ya Baridi

Swali: Mhariri, kila Januari ninasoma tathmini za maonyesho ya mavazi ya kiume ya Paris. Je, mhakiki hutazama nini hasa, mbali na uzuri wa vazi?
Msomaji, Toronto

Jibu: Ndugu msomaji, mhakiki makini huanza na mabega, kwa kuwa ndiyo yanayobeba koti zima. Januari 2001, mbunifu Hedi Slimane alipoonyesha mkusanyo wake wa kwanza wa Dior Homme, tawi la mavazi ya kiume la kampuni ya Dior, koti lake jembamba lilileta mshono ambao baadaye ulienea hadi kwenye maduka ya bei nafuu, na mbunifu mwenzake Karl Lagerfeld alieleza wazi kwamba alipunguza uzito ili aweze kuvaa suti hizo. Msimu uleule, mbunifu Raf Simons wa Ubelgiji alionyesha kinyume chake kabisa: majaketi mapana na nguo zenye kofia, vyote vikivaliwa tabaka juu ya tabaka. Kwangu mimi, Simons ndiye aliyeielewa baridi vizuri zaidi.

Baada ya mabega hutazamwa kitambaa, bitana na upana wa kwapa, maana koti la sufu lisiloweza kuvaliwa juu ya sweta halifai kwa majira hayo, hata likipendeza jukwaani. Tathmini inayotaja watu mashuhuri waliohudhuria bila kutaja kitambaa haikusaidii. Nguo zenyewe hufika madukani miezi kadhaa baadaye. Zishike, uzijaribu, ndipo uamue kama mhakiki alisema kweli.