Pango la chokaa lenye taa na ngazi: linafaa au ni biashara tu?

Mleta uzi, umeuliza kama pango lililowekewa taa, ngazi na kiingilio bado lina cha kuona, na uvae nini. La mavazi ni jepesi. Joto la ndani kabisa ya pango hukaribia wastani wa mwaka mzima wa eneo hilo, usiku na mchana. Kwa hiyo kwenye nchi za baridi utatetemeka hata kama nje jua linachoma. Pango la Postojna kule Slovenia ni kama nyuzi 10. Nchi za joto usihangaike na sweta, unyevunyevu peke yake utakutoa jasho. Viatu viwe na soli inayoshika. Basi.

Kuhusu biashara, kiingilio si mambo ya juzi. Pango la Vilenica, hukohuko Slovenia, walianza kukitoza mwaka 1633.

Mimi napenda sana mapango haya, ila kuna ziara zinazochosha: mwongozaji anamulika jiwe moja baada ya jingine, huyu simba, yule bibi kabeba mtoto. Usiende kutafuta sanamu. Fuata maji. Mvua inaposhuka kwenye udongo inabeba hewa ukaa, inakuwa tindikali hafifu, inalila jiwe la chokaa taratibu huku ikipenya nyufa. Tone likifika darini mwa pango, ile hewa inatoka na chokaa kidogo inaganda. Inayobaki juu hujenga stalaktiti, inayodondoka hujenga stalagmiti. Tafuta zile changa, mirija myembamba yenye uwazi katikati na tone linaning'inia nchani. Nikiiona hiyo huwa nasahau kundi limeshafika wapi.

Mara nyingi ukuaji hauzidi sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, ndiyo maana wanakataza kushika. Mafuta ya kiganja yanabaki juu ya jiwe na chokaa mpya haishiki vizuri pale. Sehemu zilizoshikwashikwa utazijua kwa weusi na mng'ao wake.

Taa nazo zina madhara yake. Angalia ukuta ulio karibu na balbu: ule ukijani ni mwani, na bila mwanga usingeota humo. Hata pumzi zetu zina madhara. Pango la Lascaux la Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu ya wingi wa watu. Taa za rangirangi mimi sizitaki kabisa, zinaficha rangi halisi ya jiwe.

Kama unaogopa sehemu finyu, uliza kabla hujalipa njia ina upana gani na mnatokea wapi. Kaa mkiani mwa kundi, utaona kwa nafasi. Mwombe mwongozaji azime taa kwa dakika moja uone giza lenyewe, wengi hukubali. Baada ya mvua matone huwa mengi na pango linapendeza zaidi, lakini kama kuna mto unaopita ndani, piga simu kwanza, maana maji yakijaa wanafunga.