Mwanangu, usingoje Disemba

Mwanangu kifunguamimba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumapili usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijawasha jiko. Unasema yule mtu wa miwani hapo Kisumu alikupima akakuta presha ya macho iko juu, 27, akakuandikia karatasi uende hospitali. Lakini kliniki ya macho ni siku mbili tu kwa wiki, tena asubuhi, na rosta yako kazini hubandikwa Jumamosi jioni, ikishabandikwa haibadilishwi. Umeshaomba ruhusa mara mbili. Mara ya kwanza uliambiwa ulete mtu wa kukushikia kaunta. Mara ya pili ukaambiwa kila mtu ana macho. Ndipo ukaniuliza, "Mama, si ningoje tu likizo ya Disemba? Mbona hata hayaniumi?"

Usingoje. Kwanza Disemba gani? Wewe ni keshia wa supamaketi. Disemba ndiyo foleni inafika mpaka kwenye rafu za unga, na hakuna keshia atakayeachiliwa wiki hizo. Utafika Januari ukiwa bado unangoja, na Januari nayo watakuambia watu wamesafiri.

Halafu hilo neno lako, kwamba hayaumi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nami nililisema. Presha ya macho ikipanda inaweza kuleta ugonjwa ambao madaktari wanauita glakoma, na kwa watu wengi hauna maumivu. Unaanza kula pembeni. Ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unasinyaa polepole, na wewe unaendelea kusoma bei na kumwona mteja usoni kwa sababu katikati bado kuko sawa. Ukija kugundua, kilichopotea kimepotea. Dawa inalinda kilichobaki, hairudishi kilichokwenda.

Sasa kuna jambo nililowaficha wewe na mdogo wako miaka yote hii. Jicho langu la kushoto halikuchomwa na mwiba wa waridi. Niliwaambia hivyo mkiwa wadogo, mkaenda kuwasimulia watoto wengine pale Karagita, Naivasha, na mimi nikauacha uongo ukae kwa sababu ulikuwa rahisi kubeba. Jicho hili lilikwenda kwa ugonjwa huohuo unaotiliwa shaka kwako sasa. Na lilikwenda kwa sababu niliacha kwenda kliniki.

Niligunduliwa mwaka 2009. Wakati huo nilikuwa pakihausi, kule maua yanakofungashwa, unakumbuka, basi la kampuni lilinichukua kabla ya mapambazuko na kunirudisha mmeshalala. Daktari alinipa matone na kadi ya kliniki, akaniambia nirudi kila mwezi mpaka presha itulie. Tarehe ya kwanza niliomba ruhusa ya nusu siku. Niliona aibu kuomba siku nzima, nikadhani nikiomba kidogo nitaonekana mfanyakazi mzuri.

Hakuna aliyeniambia kwamba hutiwa dawa ya kupanua mboni. Walinitia, wakamulika ndani, wakanipa tarehe ya kurudi, nikakimbilia matatu nisichelewe. Saa saba na nusu nilikuwa mezani pangu. Taa za pakihausi ni zile ndefu nyeupe, na siku hiyo kila taa niliiona imevaa mvuke. Tulikuwa tukipanga waridi kwa urefu, sentimita 40, 50, 60, kila fungu mashina 20. Mistari ya ubao wa kupimia ilififia ikaingiliana, nikawa napima kwa kukisia na kuhesabu kwa vidole. Kabla ya saa kumi mafungu sita yalirudishwa kutoka koldirumu, chumba cha baridi. Ndani ya 60 mlikuwa na 50, na fungu moja lilikuwa na mashina 19. Supavaiza aliyapanga mbele yangu, akafungua mipira ya kufungia, mmoja mmoja, bila kusema neno, kisha akauliza kwa sauti, "Hospitali ulienda kutibiwa au kuharibiwa?" Wenzangu wakacheka. Sikujibu. Nilifunga upya mafungu yale huku machozi yakinitoka, na wakadhani ni ile dawa.

Sikuomba ruhusa tena. Tarehe ya Disemba nikaipita. Januari na Februari ni msimu wa Valentine, hapo hata mwenye homa alikuwa anakuja kazini na koti, nikazipita zote mbili. Machi nikaona aibu kurudi kliniki kwa sababu ningeulizwa nilikuwa wapi. Matone nayo yalikuwa yakiisha nakaa wiki mbili, tatu, ndipo nanunua mengine.

Unajua ni nini kilichonirudisha hospitali? Volkano. Aprili 2010 mlima ulilipuka kule Iceland, majivu yakafunga anga la Ulaya, ndege zikakaa chini. Maua ya Naivasha yakakosa pa kwenda, yakamwagwa kama majani ya ng'ombe, na wengi wetu tukaambiwa tubaki nyumbani mpaka tuitwe. Ndiyo mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa na asubuhi ya siku ya kazi mikononi mwangu. Nikaenda. Daktari akaniambia nilizibe jicho la kulia kwa kiganja, akainua vidole. Nilichoona ni dirisha, upande mmoja tu, mwanga mwembamba kama ule unaopita chini ya mlango. Vidole sikuviona.

Mwanangu, ningewaambiaje? Kwamba jicho limekwenda kwa kumwogopa mtu mmoja mwenye kalamu na rosta? Nilitaka mlaumu mwiba. Na kwa haki ya Mungu, yule supavaiza hakujua. Nilimwambia "naenda hospitali," basi. Sikumtajia ugonjwa, sikumwonyesha kadi, sikumwambia nikikosa nitapofuka. Huenda angenikatalia hata hivyo. Lakini nilimnyima nafasi ya kukataa akijua anachokataa.

Kwa hiyo wewe usiombe kwa mdomo pale mlangoni mwa stoo meneja akiwa na haraka. Andika. Karatasi moja, Kiswahili au Kiingereza, mistari michache: "Naomba ruhusa ya siku nzima, Alhamisi tarehe fulani, niende kliniki ya macho kama ilivyo kwenye karatasi niliyoambatisha. Nimepimwa nikakutwa na presha ya macho iliyo juu, hali inayoweza kupofusha. Nitatiwa dawa ya kupanua mboni na sitaweza kusoma wala kuhesabu pesa siku hiyo." Weka tarehe. Toa nakala, nyingine mpelekee mtu wa ofisi ya wafanyakazi, na yako ipige picha ukae nayo. Mpe meneja mkononi kabla ya Jumamosi, kabla rosta haijabandikwa, kwa maana ikishabandikwa wewe ndiye unayeonekana msumbufu. Na hakikisha umeandika siku nzima. Keshia asiyeona vizuri saa nane mchana ataingia hasara jioni wakifunga hesabu, na hasara hiyo itakatwa kwake. Hilo hata meneja mgumu atalielewa.

Ukiweza kumpata mwenzako mbadilishane ofu, mtaje jina kwenye barua hiyohiyo. Nenda na suluhisho mkononi.

Kuna sheria pia, na inanichoma kwamba ilikuwepo tayari mimi nikiteseka, sikuijua tu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, inasema mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri anastahili siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Sharti ni karatasi ya daktari kwamba huwezi kufanya kazi. Basi ukiwa kliniki, kabla hujainuka kwenye kile kiti, mwambie daktari akuandikie sikofu, ile karatasi ya kupumzika, ya siku hiyo. Usiseme utaichukua baadaye. Ukishatoka mle ndani, kurudi ni foleni upya. Na zile siku 21 za likizo ya mwaka si lazima uzichukue kwa mkupuo. Mkikubaliana na mwajiri zinagawanywa, na mimi nakuambia ikibidi zitumie tano au sita kwa macho yako. Nyumbani utakuja siku nyingine. Sitakasirika usipokuja Krismasi.

Ila usije ukatoweka tu siku ya kliniki bila kuaga, hata kama wamekukatalia. Najua una hasira, nimeisikia kwenye sauti yako. Kukosa kazini bila ruhusa wala sababu ya kisheria kumeandikwa kwenye kifungu cha 44 kuwa kosa linaloweza kukufukuzisha papo hapo, na sitaki uwape kamba. Wakikataa, waombe wakuandikie kwamba wamekataa. Wengi hapo hulegea, hakuna anayetaka jina lake liwe chini ya karatasi kama hiyo. Wasipolegea, mtafute mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama mnaye, au ofisi ya leba hapo Kisumu. Beba ile picha ya barua.

Lipo jambo linaloniudhi na nitalisema. Kliniki hizi zimepangwa kana kwamba mgonjwa hana kazi. Jumanne asubuhi, Alhamisi asubuhi, ufike alfajiri uchukue namba, faili litafutwe, ikifika saa sita unaambiwa daktari ameenda wodini. Wewe ukipata shilingi 24,000 unakatwa 660 za SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi, ile asilimia 2.75, na wanaokatwa hivyo kwenye mshahara ni walewale walio kazini saa hizo. Ningependa kuona kliniki ya macho, na ya presha, na ya sukari, ikifunguliwa Jumamosi mchana au jioni baada ya kazi, hata mara moja kwa mwezi. Nimelisema hili kwenye baraza la wananchi hapa kwetu Free Area, Nakuru, mara mbili, na nitalisema tena.

Mpaka hapo itakapofika, tumia mwanya uliopo. Tarehe ya kurudi huandikwa na muuguzi, na huiandika kwa haraka akitazama kalenda tu. Yeye hajui kazi yako. Mwambie mapema, "Sista, mimi Alhamisi ni rahisi kuliko Jumanne," mara nyingi atakuandikia Alhamisi. Miaka yote mimi nilipokea tarehe kama mtu anayepokea hukumu. Presha yako ikitulia, uliza kama wanaweza kukuandikia matone ya miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Uliza pia SHA italipa nini na wewe utalipa nini, ukiwa bado kwenye dirisha la mapokezi, usishtukizwe ukiwa umeshatiwa dawa na husomi bili. Na kama hapo mjini foleni ni ndefu mno, kuna hospitali ya macho kule Sabatia, Vihiga, si mbali na wewe kwa matatu. Wapigie kwanza.

Jambo jingine, na hili usilisahau kabisa. Ulikuwa na pumu ukiwa mdogo. Huenda hukumbuki, ulikuwa darasa la pili, nilikuwa nakubeba usiku hadi zahanati ukikoroma kifuani kama paka. Kuna matone ya presha ya macho yanaitwa timolol, yanatumika sana kwa kuwa si ghali, lakini mtu mwenye pumu yanaweza kumbana pumzi vibaya. Mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Asipouliza, sema wewe. Na mwambie mama yako ana ugonjwa huu, maana unatembea kwenye ukoo. Mdogo wako nimeshampigia, nimemwambia ukweli wa mwiba, amenyamaza sana kwenye simu. Na yeye atapimwa.

Barua hii naiandika kwa simu, herufi nimezikuza mpaka maneno manne yanajaza kioo, ndiyo maana nimechukua siku mbili. Jicho la kulia linaona vizuri. Sijakosa tarehe hata moja tangu Aprili ile.

Ukishapewa siku, nipigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nitapanda gari la kwanza hapa Nakuru, nipitie Kericho, nilale kwako usiku wa kuamkia kliniki. Ukitoka mle ndani jua litakuumiza na hutaona gari linalokuja, na pale Kondele bodaboda hawangoji mtu. Nitakuja na kofia na ile miwani yangu nyeusi. Viazi nilete au mahindi mabichi?

Mama yako