Jibu: Kompyuta imeshika hotispoti lakini kurasa hazifunguki

Mkuu wa Newala, habari za huko. Nimekuelewa hivi: kompyuta ni moja tu, ya Windows, inashika hotispoti, simu yenyewe inaperuzi vizuri, ila kompyuta haifungui ukurasa wowote. Na jamaa hapo juu kakushauri uzime fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao wa kompyuta, kabisa.

Usiizime. Fayawoli ya Windows kwa kawaida huzuia yanayoingia bila kuombwa, yanayotoka huyaachia. Mara chache ndiyo mkosaji.

Anza na tarehe na saa. Hizi desktopu kuukuu zenye betri ndogo ya ndani iliyokufa, umeme ukikatika tu tarehe inarudi nyuma miaka, na kivinjari kinavikataa vyeti vya usalama vya tovuti. Hapa Masasi nakutana na hili kuliko jingine lolote.

Tarehe ikiwa sawa, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, simu haijaipa kompyuta anwani. Zima hotispoti, washa tena. Ukikuta anwani isiyoanza hivyo, na ni ileile hata ukibadilisha simu, huenda kuna mtu aliiandika kwa mkono, pengine mashine ilitoka ofisini. Irudishe ijipatie yenyewe, na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) vilevile.

Fayawoli iwe ya mwisho: irejeshe kwenye mipangilio yake ya awali, kisha kwenye aina ya mtandao chagua wa umma (Public), si binafsi (Private). Huna printa ya kushirikiana wala kompyuta ya pili, binafsi ya nini? Na kama kuna antivirusi iliyoisha muda, ing'oe. Baadhi huja na fayawoli yao.

Tupia hapa picha ya hiyo ipconfig.