Nadhiri yenye kipimo: la kuchukua kwa Gandhi, na pale pa kumsikiliza Ambedkar

Wengi wanaotaka kujirekebisha kwa njia ya Gandhi huanzia pasipofaa. Wanaacha nyama, sukari, simu na hasira kwa siku moja, na juma la pili halijaisha hawajabaki na hata kimoja. Nadhiri za Gandhi hazikuwa hivyo. Mwaka 1915, wakati wa hija ya Wahindu iitwayo Kumbh, mjini Hardwar, aliahidi kwamba akiwa India hatakula zaidi ya aina tano za chakula kwa saa 24, wala hatakula baada ya giza kuingia. Kuna idadi, kuna saa, kuna mahali. Kila usiku angeweza kujua bila kubahatisha kama ameitunza au ameivunja. Anayesema "nitakula kwa kiasi" hana cha kupima, kwa hiyo hana cha kujifunzia.

Basi andika nadhiri moja, kwa sentensi moja, na iwe kitendo. "Sitagusa simu kabla ya saa moja asubuhi" inafaa. "Nitapunguza simu" haifai. Ipe siku arobaini, kisha uamue upya. Ruhusa nazo ziandikwe kabla ya kuanza: ugonjwa, msiba, safari, mgonjwa ndani ya nyumba. Ruhusa inayotungwa siku ile ile inapohitajika ndiyo inayoua nadhiri, na hilo lilimpata hata Gandhi. Aliapa kuacha maziwa. Alipougua vibaya mwaka 1918 na madaktari wakamsihi anywe, mkewe Kasturba akamkumbusha kwamba alipoapa alikuwa akiwaza maziwa ya ng'ombe na nyati. Akanywa ya mbuzi. Aliandika baadaye kwamba alishika maneno ya nadhiri akaua roho yake, na jambo hilo likaendelea kumchoma.

Ukiivunja, andika tarehe na sababu, kisha kesho yake endelea kwa kipimo kilekile. Usijiongezee mzigo kama adhabu. Mzigo ulioongezwa kwa hasira hudumu siku mbili tatu, halafu huanguka pamoja na nadhiri yenyewe.

Kunyamaza ni rahisi kuliko kufunga, na nadhani kuna faida kubwa zaidi kwa mtu wa leo. Gandhi alinyamaza kila Jumatatu na kuandika kwenye vipande vya karatasi yale yasiyoepukika. Anza na nusu siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Watu wa nyumbani waambie tangu jana yake, maana ukimya usio na taarifa huonekana kuwa ni kununa, na utavuna ugomvi badala ya utulivu. Simu izimwe kabisa: anayefumba mdomo huku akijibu ujumbe kwenye makundi hajanyamaza. Saa mbili za mwanzo kichwa kitajaa makelele, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani wameshindwa. Makelele hayo yalikuwamo siku zote, ila yalifunikwa na maongezi.

Kazi ya mikono iende sambamba na hayo. Mwaka 1924 Congress, chama kilichopigania uhuru wa India, chini ya urais wa Gandhi, kilikubali kwamba mwanachama alipe ada yake kwa uzi wa pamba, yadi 2,000 kwa mwezi. Sharti hilo halikudumu, wanasiasa wengi hawakulipenda, lakini ndani yake kulikuwa na busara: uzi unahesabika, na anayedai kuwapenda maskini anatakiwa kuonyesha alichofanya. Nusu saa kwa siku inatosha. Shona kofia, suka ukili, palilia bustani. Muhimu ni kazi iache kitu kinachoonekana jioni.

Kwenye mfungo nataka tuwe waangalifu. Mfungo wa Gandhi haukuwa na daku wala futari. Alikunywa maji, mara nyingi yenye chumvi au magadi kidogo, na mwaka 1924 kule Delhi alikwenda siku 21 kwa ajili ya amani kati ya Wahindu na Waislamu, akiwa na madaktari kando. Usimwige. Kwa mtu mzima mwenye afya, saa 24 za maji ndizo mpaka. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba au mtoto anayenyonya, na aliyekonda kupita kiasi, asifunge namna hii. Fungua kwa uji mwepesi au supu, chakula kizito kingoje. Kwa aliyekaa siku nyingi bila kula hatari ni kubwa zaidi: chakula kingi cha ghafla hushusha potasiamu na fosfeti kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Huyo afunguliwe hospitali.

Lakini hatari nyingine si ya tumbo. Februari 1922 umati kule Chauri Chaura ulichoma kituo cha polisi na kuua askari 22. Gandhi alisitisha harakati nzima ya kuwagomea Waingereza na kufunga siku tano kama toba. Mfungo ulimwelekea yeye mwenyewe na watu wake. Septemba 1932, akiwa gerezani Yeravda, alianza mfungo akiapa kufa, kupinga Waingereza kuwapa watu wa tabaka walioitwa najisi uchaguzi wao wa peke yao, yaani wachague wabunge wao kwa kura zao wenyewe tu. Kiongozi wao, Ambedkar, aliutaka uchaguzi huo. Nchi nzima ikamwangalia yeye kana kwamba ndiye mwenye uhai wa Gandhi mkononi, na Septemba 24 akatia saini Mapatano ya Poona. Watu wake walipata viti maalumu zaidi ya mara mbili ya vile vya awali, wakapoteza haki ya kuchagua wenyewe. Ambedkar aliulaani mfungo ule kwa maneno makali, na kwa maoni yangu hakukosea. Anayegoma kula ili mume, mama au mtoto akubali hoja yake anatumia nguvu, hata kama hajainua mkono. Jiulize: ningefunga hata kama hakuna atakayejua?

Novemba 25, 1949, akifunga mjadala wa katiba ya India, Ambedkar aliwaonya wabunge kwamba kujitoa kwa mapenzi ya ibada huenda kukawa njia ya wokovu katika dini, lakini katika siasa, kumwabudu kiongozi ni njia ya hakika ya kushuka na hatimaye udikteta. Onyo hilo linahitajika leo. Mei 2019 Narendra Modi, akiwa waziri mkuu wa India, alikaa katika pango la Kedarnath, mahali patakatifu pa Wahindu, kampeni zilipomalizika, na mwishoni mwa Mei 2024 akaenda kutafakari kwenye mwamba wa Vivekananda huko Kanyakumari, kamera zikimfuata. Iwapo moyo wake ulikuwa safi, hilo ni kati yake na Mungu wake. Mpiga kura hana kipimo chake.

Unapofuatilia siasa hizo, au za kwenu, piga mistari ya safu tatu kwenye karatasi: alichoahidi, sheria au bajeti iliyopitishwa, nani alinufaika na nani aliumia. Sala, hija na mavazi usizipe safu. Soma habari mara moja kwa siku, kwa saa maalumu, na siku ya kunyamaza usisome. Wapiga kura wa Faizabad, jimbo lenye Ayodhya, walifanya hesabu inayofanana na hii. Hekalu la Ram lilizinduliwa huko Januari 22, 2024 kwa shangwe ya nchi nzima. Juni 4 matokeo yalipotangazwa, kiti cha jimbo hilo kilitoka mikononi mwa chama cha Modi kikaenda kwa Awadhesh Prasad wa chama cha upinzani cha Samajwadi, Mdalit, yaani mtu wa tabaka zile zilizoitwa najisi. Nyumba na maduka yaliyobomolewa kupanua barabara za hekalu, pamoja na malalamiko juu ya fidia, yalizungumzwa sana katika kampeni hiyo.