Goti lilivimba, nami nikalinyima chakula

Wiki ya tatu baada ya upasuaji wa goti nilikuwa nimeshaacha maziwa, mayai, nyama ya kila aina, ngano na nyanya. Nilisoma mahali kwamba vyote hivyo "vinawasha moto mwilini", na goti langu lilikuwa limeumuka kama mkate. Kila asubuhi, kabla sijashusha miguu kitandani, nilizungusha futi ya fundi nguo juu kidogo ya goti na kuandika namba kwenye daftari. Sentimita 41. Kesho yake, 41 na nusu. Nikaacha na maharage.

Siku ya kurudi kliniki mizani ikaonyesha nimepungua kilo tano. Nesi akalibonyeza paja langu, lililokuwa limenywea na kulegea, akaniuliza, "Kaka, hilo goti unalijenga na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshughulika kuzima uvimbe, nikasahau kwamba uvimbe wa mwanzo ndiyo kazi yenyewe inayofanyika. Mwili ukichanwa, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji na chembe nyeupe hutoka kwenda kusafisha na kupambana na vijidudu. Ndiyo maana pana joto, wekundu na maumivu. Goti lililopasuliwa linaweza kubaki limejaa kiasi kwa miezi mitatu hadi sita, hasa jioni baada ya kutembea. Mimi nilitaka liishe kwa wiki tatu, tena kwa matango.

Hesabu iliyonifungua macho ni ya protini. Anayepona upasuaji hushauriwa kula kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, labda kama figo zake zina shida, hapo daktari ndiye anayepanga. Kwa kilo zangu 68, hiyo ni gramu 82 kwenda juu. Yai moja lina 6 hivi. Nikajumlisha vilivyokuwa kwenye sahani yangu ya "kutibu uvimbe", sikufika hata 30.

Basi nikageuza mpango. Mayai na maharage yakarudi, na mtindi. Soseji sikuzirudisha, nafasi yake wakaingia samaki wenye mafuta, sardini na makareli, mara tatu kwa wiki. Matunda yenye vitamini C kila siku, kwa sababu bila hiyo mwili haufumi kolajeni sawasawa, na kidonda hushikana kwa kolajeni. Soda nikaiacha kabisa. Kopo la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Mwenye kisukari anajua zaidi yangu jinsi sukari ya damu ikipanda inavyochelewesha kidonda.

Futi ikaanza kushuka taratibu. Lakini sitampa samaki sifa zote, maana wiki hizohizo nilianza kuuinua mguu juu ya mito, kuweka barafu na kufanya mazoezi niliyopewa bila kudanganya. Nilichokiona wazi ni nguvu: paja lilianza kuitika.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni choo. Dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli hukifunga, na siku ya nne nilisahau kabisa habari za goti. Maji mengi, mboga za majani na papai viliniokoa.

Tena kuwa mwangalifu na vidonge vya "asili". Manjano na tangawizi za kwenye sufuria hazina neno. Vidonge vyake vilivyokolezwa, pamoja na mafuta ya samaki ya kwenye chupa, vinaweza kuongeza kutoka damu, na wengi wetu hutoka hospitali tukiwa na dawa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, asianze ghafla kula mlima wa mboga za majani pia, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Taja kila unachomeza unapoonana na daktari.

Na kuna uvimbe usiohusu chakula kabisa: wekundu unaosambaa, usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kigimbi kinachovimba na kuuma. Huo nenda nao hospitali siku hiyohiyo. Ukikosa pumzi, ni dharura, usingoje hata saa moja.

Ningepasuliwa tena, ningepika maharage mengi mapema na kuyagandisha kwa vifungu vidogo. Magongo yanachukua mikono yote miwili, sahani hubebi. Mwezi mzima nilikula nimesimama, nimeegemea jiko, na mayai ya kuchemsha yalisafiri hadi kitandani ndani ya mfuko wa koti.