Angeanza na wafagiaji

Dada, umeuliza Martin Luther King, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, akifufuka leo angeionaje dunia. Wengi wamekujibu kwamba angefurahi, maana Marekani ilishampata rais mweusi, Obama. Sawa, angefurahi. Ila mimi naangalia alikufa akishughulika na nini.

Alipigwa risasi Memphis, mji wa huko Marekani, tarehe 4 Aprili 1968, na kilichompeleka kule ni mgomo wa wazoa taka. Februari ya mwaka huohuo wenzao wawili walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawabana, wakafa. Waliobaki wakaandamana na mabango yaliyosema mimi ni mwanaume, kwa sababu hata mzee mwenye mvi alikuwa akiitwa boi, yaani mvulana. (Neno hilo babu zetu nao waliitwa, tunalijua uchungu wake.)

Sasa njoo hapa Mwanjelwa, Mbeya, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Julai, mdomo unatoa moshi. Kuna mama anafagia barabara kwa chelewa, kitenge kakizungusha hadi masikioni, mikono mitupu bila glovu. Bajaji zinampita, zinamrudishia vumbi alilokwisha kulikusanya, na sisi abiria hata shikamoo hatumpi. Inaniuma kila ninapomwona.

Nina hakika King asingetuuliza kwanza kuhusu simu zetu wala maghorofa. Angeshuka pale, amuulize yule mama analipwa shilingi ngapi, na akigongwa na gari nani anamtibu.